Kabla ya kuandikwa, tazama swali

Maneno yaliyosemwa na ajenti wetu wa uwanjani mbele ya viongozi wa makambi, familia zilizohama na familia za mapokezi, mjini Bunia, jimbo la Ituri

Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kuketi hapa. Najua kwamba aliyekuja leo hakwenda shamba, na mama aliyekuja leo hakwenda kutafuta kuni.

Kila ninapofika kambini nasikia neno moja: "Mnatuandika, mnatuandika, lakini hatuoni kitu." Wengine wanasema: "Jina langu liko katika orodha tano, na watoto wangu wamelala njaa." Neno hilo ni la kweli, wala sikuja kulikataa. Leo sikuja kuandika mtu. Simu yangu iko mfukoni na itabaki mfukoni. Nimekuja tuzungumze juu ya fishi zenyewe, yaani zile karatasi za kujazwa, hata zikiwa ndani ya simu. Nataka tuone namna swali moja, pamoja na jibu linaloruhusiwa, linavyoweza kusaidia familia, au kuisahau, au kuitia hatarini.

Mtu anaweza kufikiri kwamba hiyo ni kazi ya watu wa kompyuta. Mimi pia nilifikiri hivyo. Acheni niwaeleze namna nilivyojifunza.

Swali moja lililogawa barabara

Mwaka 2018, vita vilipokuwa vimeanza tena katika teritware ya Djugu, familia nyingi zilikimbilia Bunia. Wengine waliingia kambini. Wengine waliingia katika nyumba za ndugu, za marafiki, za watu wa kanisa lao, hata za watu wasiowajua. Wakati ule nilikuwa mpya katika kazi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nilijua kompyuta, nikapewa kazi ya kutengeneza fishi ya mradi wa kugawa mbegu na majembe. Swali la kwanza niliandika hivi: "Je, wewe ni mhamiaji wa vita?" Majibu yalikuwa mawili tu: ndiyo, au hapana. Mtu akijibu hapana, fishi ilifungwa palepale, na simu ikaandika asante.

Tulifika kwa mama mmoja. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Ndani walilala watu kumi na wanne: yeye na watoto wake watano, pamoja na watu wanane wa familia mbili zilizokimbia. Nilimwuliza, naye akajibu kwa ukweli: "Hapana, mimi ni mwenyeji." Fishi ikafungwa. Siku ya ugawaji, wageni wake walirudi na mbegu na majembe. Yeye, aliyewapa unga, chumvi na mahali pa kulala kwa miezi minne, hakupata hata jembe moja.

Yeye mwenyewe hakusema neno. Majirani walisema. Pale kwenye robine maneno yakaanza: "Waliokuja wanapewa, sisi tunamaliza akiba yetu." Baada ya wiki mbili, nyumba tatu za barabara ile zilikuwa zimewaambia wageni watafute pengine. Watu waliokula sahani moja wakaacha kusalimiana.

Hakuna aliyempiga mwenzake. Hakuna aliyeiba. Lilikuwa swali tu, lenye nafasi mbili za jibu. Na swali lile niliandika mimi.

Tulirudi pamoja na shefu wa kartie na wazee wawili. Tuliomba msamaha. Kisha tukabadilisha swali. Badala ya kuuliza mtu ni nani, tukauliza: "Katika nyumba hii wanalala watu wangapi?" Halafu: "Kati yao, wangapi walikuja kwa sababu ya vita?" Hapo nafasi ya jibu ilikuwa ya hesabu, si ya ndiyo na hapana. Yule mama akaonekana. Nyumba yenye watu kumi na wanne ikaonekana kuwa ni nyumba yenye watu kumi na wanne. Lakini familia moja ilikuwa imekwisha kuhamia kambini, na haikurudi tena kwa wenyeji wake.

Tangu siku ile naamini kwamba kuchagua aina ya jibu ni kazi ya amani.

Nafasi ya jibu ni nini?

Zamani tulibeba karatasi na kalamu. Leo mashirika mengi yanabeba simu. Programu moja inayotumiwa sana inaitwa KoboToolbox. Ilianzishwa na watafiti wa Harvard, Marekani, waliokuwa wakiuliza watu wa Uganda ya kaskazini na wa Kongo ya mashariki juu ya vita na amani. Kwa hiyo chombo hiki kilizaliwa kwa sehemu kutokana na mateso yetu wenyewe, na ni haki yetu kukielewa.

Katika fishi ya namna hiyo, kila swali lina nafasi yake ya jibu. Anayetengeneza fishi anachagua aina ya nafasi hiyo kabla ya kufika kwenu: ndiyo au hapana, jibu moja katika orodha, majibu mengi katika orodha, hesabu, tarehe, maneno ya mtu mwenyewe, picha, au alama ya mahali. Mtu anayekwenda kisimani na kikombe hatarudi na maji ya bidoni, hata kisima kikijaa. Ndivyo ilivyo hapa. Ukweli wenu unaweza kuwa mrefu na mpana, lakini tutabeba ule tu unaoingia katika nafasi tuliyoileta.

Tuzitazame nafasi hizo moja moja.

Ndiyo au hapana

Nafasi hii inafaa kwa jambo lenye pande mbili kweli. "Je, unakubali tukuulize maswali?" Hilo linafaa. "Je, una karte ya mpiga kura?" Hilo pia linafaa, ingawa ni vizuri kuongeza "ilipotea" au "iliungua", kwa maana wengi wenu mlikimbia usiku bila kitu mkononi.

Nafasi hii haifai kwa jambo lenye viwango. Mfano mzuri ni ulemavu. Ukimwuliza mzee, "Je, wewe ni mlemavu?", atajibu hapana, hata kama haoni njia ya kwenda msalani. Neno lenyewe linamwonea haya. Tangu mwaka 2001 kuna kundi la wataalamu wa takwimu chini ya Umoja wa Mataifa, liitwalo Washington Group, lililoshughulikia jambo hili. Wao hawaulizi kama mtu ni mlemavu. Wanauliza maswali sita: je, una shida ya kuona, ya kusikia, ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka au kutuliza mawazo, ya kujiogesha na kujivika, ya kuelewana na watu kwa mazungumzo? Kila swali lina majibu manne: hakuna shida, shida kidogo, shida nyingi, siwezi kabisa. Mzee yuleyule aliyesema hapana atasema: "Kuona, shida nyingi." Mzee hakubadilika, nafasi ya jibu ndiyo iliyobadilika.

Jibu moja katika orodha

Hapa mtu anasomewa orodha na kuchagua neno moja. Inafaa kwa jambo ambalo mtu hawezi kuwa na mawili kwa wakati mmoja, kama mahali anapolala sasa: kambini, kwa familia ya mapokezi, nyumba ya kupanga, shuleni au kanisani.

Hatari yake ni orodha isiyo na mlango wa kutokea. Niliwahi kuona fishi iliyouliza: "Nani mkuu wa jamaa?" Majibu yalikuwa baba au mama. Mbele yangu alisimama msichana wa miaka kumi na sita mwenye wadogo watatu. Wazazi wao hawakuonekana tangu siku ya kukimbia. Alinitazama, nami nikatazama simu. Hakukuwa na nafasi yake. Angeweza kurudi bila kuandikwa, au kuandikwa chini ya jina la jirani, na msaada wa wadogo zake kupitia mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo kila orodha ya namna hii iwe na "jibu lingine, eleza". Na kwa jambo gumu la moyoni, iwe na "sijui" na "sipendi kujibu". Hayo ni majibu kamili, yanastahili heshima.

Majibu mengi katika orodha

Ukimwuliza mama, "Shida yako ni ipi?", na simu inakubali neno moja tu, atasema chakula. Kesho ripoti itasema kwamba katika kambi hii maji si shida, masomo si shida, malaria si shida. Mama hakusema hivyo. Fishi ndiyo iliyosema kwa niaba yake.

Kwa shida, kwa ujuzi wa kazi, kwa njia za kupata habari, tutumie nafasi inayokubali majibu mengi. Lakini napo pana mtego. Mtu akiruhusiwa kuchagua yote, atachagua yote, nasi hatutajua tuanzie wapi. Njia nzuri ni kuuliza mara mbili: kwanza, "Zipi kati ya hizi ni shida zenu?" Kisha: "Kati ya hizo, ipi iwe ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya tatu?" Angalieni pia kwamba orodha ndefu ikisomwa kwa sauti, watu hukumbuka maneno ya mwisho na kusahau ya mwanzo. Orodha ya maneno saba inatosha. Ikipita hapo, igawanywe.

Maneno ya mtu mwenyewe

Nafasi ya wazi humwacha mtu aseme anavyotaka. Inafaa kwa malalamiko, kwa mashauri, kwa swali kama, "Mnafikiri nini kitawawezesha kurudi kijijini kwa usalama?" Jambo la namna hiyo haliingii katika orodha iliyoandikwa ofisini.

Lakini maneno ya watu mia tano lazima yasomwe na mtu. Kama hakuna aliyepewa kazi ya kuyasoma na kuyajibu, tusiulize. Kumfungua mama moyo, akalia, akaeleza, kisha maneno yake yakalala katika kompyuta, ni kumwongezea kidonda.

Nafasi ya wazi haifai pia kwa majina ya mahali. Mmoja ataandika Djugu, mwingine Jugu, mwingine Dzugu, na kompyuta itafikiri ni sehemu tatu. Hapa kwetu Ituri ni afadhali kuanza na orodha ya teritware zetu tano, Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, kisha kolektivite, kisha gurupema. Mwisho, kwa kijiji, kuwe na orodha pamoja na nafasi ya kuandika, kwa sababu vijiji vidogo mara nyingi havimo katika orodha za ofisi, na aliyetoka huko asiambiwe kwamba kwao hakuko.

Hesabu, tarehe na simu

Hesabu inafaa kwa vitu vinavyohesabika: watu wa nyumba, watoto wa chini ya miaka mitano, siku ambazo familia ilikula mara moja tu. Fishi nzuri huwekewa mipaka, ili ajenti aliyechoka asiandike watoto 60 mahali pa 6.

Tarehe ni jambo la kuangalia sana. Wazee wetu wengi hawana tarehe kamili ya kuzaliwa. Fishi ikilazimisha siku, mwezi na mwaka, ajenti ataandika tarehe 1 Januari. Nimeona orodha ambayo nusu ya wazee walizaliwa siku moja! Mtu akicheka, sawa, lakini matokeo yake hayachekeshi. Kompyuta inapotafuta walioandikwa mara mbili, inaona wazee wawili wenye jina linalofanana na tarehe ileile, inafikiri ni mtu mmoja, na mmoja wao anafutwa. Ni bora kuuliza miaka ya kukisia. Kama mzee hajui, tumsaidie kwa mambo anayoyakumbuka: wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, ulikuwa unanyonya, unachunga mbuzi, au umekwisha kuoa? Wakati nchi ilipoitwa Zaïre, mwaka 1971? Wakati Mobutu alipoondoka, mwaka 1997? Kwa vijana wa Ituri: ulizaliwa kabla ya vita vya mwaka 1999, au baada ya askari wa Artemis kufika Bunia, Juni 2003?

Namba ya simu inaonekana kuwa hesabu, lakini si hesabu. Namba zetu zinaanza na sifuri na zina tarakimu kumi. Ukiiweka katika nafasi ya hesabu, kompyuta inaweza kufuta ile sifuri ya mwanzo, na namba ikabaki na tarakimu tisa. Iwekwe kama maandishi, na mpaka wa tarakimu kumi. Tena kuna swali linalosahauliwa: simu hii ni ya nani? Mama wengi wanatoa namba ya mume, ya kaka au ya jirani. Siku ujumbe utakapotumwa, nani ataufungua? Kama mama alieleza jambo la siri, ujumbe ule unaweza kumletea kipigo. Basi baada ya namba pawe na maswali mawili mafupi: "Simu ni yako, au ya mtu mwingine?" na "Je, tunaweza kupiga namba hii bila kukuletea shida?"

Majina yetu matatu

Fishi nyingi zinatengenezwa mbali, na zina nafasi mbili: jina la kwanza na jina la familia. Sisi Wakongomani tuna jina, postinomu na prenomu, kama zilivyo kwenye karte ya mpiga kura. Tena kwetu mtoto haitwi lazima kwa jina la baba. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Aliyezoea desturi za Ulaya akiona majina tofauti, anaweza kudhani kwamba watoto si wa nyumba ile. Kwa hiyo tudai nafasi tatu za jina, na tudai kwamba uhusiano wa mtoto na nyumba uulizwe wazi, usikisiwe kwa jina.

Na mama aandikwe kwa jina lake. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya wahamiaji wa ndani, uliopitishwa Kampala mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 13 kwamba wanawake na wanaume, na pia watoto waliotengwa na wazazi, wana haki sawa ya kupata hati zao, kwa majina yao wenyewe. Kumwandika mama kama "mke wa fulani" tu ni kumfuta siku mume atakapokufa au kuoa mwingine.

Swali la lazima

Katika simu kuna alama ndogo inayofanya swali kuwa la lazima. Bila jibu, fishi haiendi mbele. Watengenezaji wengi wanaiweka kila mahali, wakidhani kwamba watapata habari kamili. Wanapata uongo kamili. Mtu asiyejua atakisia, na ajenti aliyebaki na nyumba ishirini kabla ya jua kuzama ataandika chochote. Swali la lazima liwe lile tu ambalo bila jibu lake msaada hauwezi kufika. Mengine yaachwe huru.

Maswali yenye hatari

Sasa nafika mahali pagumu. Kuna maswali ambayo hakuna aina ya jibu itakayoyafanya kuwa mazuri.

Nchi jirani ya Rwanda ilijifunza kwa damu. Katika miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Ilikuwa nafasi moja ndogo katika karatasi. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, watu walitakiwa kuonyesha karatasi ile, na neno moja lililoandikwa humo liliamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari nafasi ile iliondolewa. Ilikuwa imekaa pale miaka sitini.

Kwa sababu hiyo mimi siandiki kabila katika fishi ya msaada. Njaa haina kabila. Lakini tusijidanganye: hapa Ituri, mtu akitaja kijiji chake, wengi wanajua kabila lake. Kwa hiyo hata jina la kijiji ni habari ya kulindwa. Mara nyingi kolektivite inatosha kwa kazi yetu, na kijiji kinaweza kuachwa.

Picha na alama ya mahali ni vivyo hivyo. Simu inaweza kuandika mahali tulipo, karibu hatua kwa hatua. Kwa kisima, kwa shule, kwa kituo cha afya, ni jambo jema. Kwa nyumba ya msichana aliyetoroka kikundi chenye silaha, au ya mama aliyenajisiwa, ni kumwonyesha adui njia. Ukipigwa picha, uliza: picha hii inakwenda wapi, na nani ataiona? Kongo sasa ina Kodi ya Numeriki ya Machi 2023, ambayo ndani yake kuna sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu. Kwa hiyo ukiuliza hivyo, unadai haki inayotambuliwa na sheria ya nchi.

Ninyi viongozi mfanye nini?

Wazee wangu, sisemi kwamba mjifunze kutengeneza programu. Nawaomba mambo sita.

La kwanza: shirika likija kuandika watu, ombeni kuona fishi yote kabla, isomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani mbele ya komite, pamoja na wanawake na vijana.

La pili: kwa kila swali, ulizeni, "Jibu hili mtalifanyia nini?" Kama ajenti hana jibu, swali liondolewe. Hata mimi mniulize hivyo.

La tatu: fishi ijaribiwe kwa watu watano tofauti kabla ya kuanza: mjane, mzee asiyejua kusoma, kijana anayelea wadogo zake, mtu mwenye ulemavu, na mwenyeji aliyepokea wageni. Kama mmoja wao hana mahali pa kuingia, fishi haijaiva.

La nne: wenyeji wasisahauliwe. Mkiona swali linalowagawa watu kuwa "wahamiaji" na "wengine", simamisheni kazi kwa saa moja, mzungumze. Saa hiyo moja inaweza kuokoa urafiki wa miaka.

La tano: ulizeni orodha itakaa wapi, nani atakuwa na ufunguo wake, na itafutwa lini. Nanyi pia, msiweke nakala za majina katika daftari linalopita mikononi mwa kila mtu.

La sita: watu waambiwe ukweli mapema. Kuandikwa si ahadi ya kupata. Asiyeelezwa hivyo atasema kesho kwamba kiongozi wake amekula fungu lake, na ugomvi utaanza ndani ya kambi.

Neno la mwisho

Nilikutana tena na yule mama wa nyumba ya vyumba viwili. Nilimwambia kwamba ninasimulia habari zake katika mikutano, bila kutaja jina. Akaniambia: "Uliniuliza mimi ni nani. Ungeuliza nani amelala kwangu." Sikupata kujifunza neno hilo chuoni.

Basi, ndugu zangu, siku tutakapokuja na simu zetu, msitazame tu kama jina limeandikwa sawasawa. Tazameni swali. Tazameni majibu tunayowaruhusu kutoa. Na kama ukweli wenu hauingii, tuambieni tusimame. Ni afadhali turudi ofisini kutengeneza fishi upya, kuliko kurudi kwenu kupatanisha majirani.

Sasa niko tayari kusikia maswali yenu, na kwa leo nafasi ya jibu iko wazi. Amani ikae nasi sote.